Vyuma Vyenye Jina la Warigia

Kila jioni Warigia akitoka shule huwa na kazi zake, na hakuna anayemkumbusha. Anavua sare, anafua soksi, anafagia chumba, kisha anateleka chai kabla mama yake hajarudi kutoka Gikomba anakouza nguo za watoto. Chai ikianza kunong'ona kwenye sufuria, anakimbilia dirishani, orofa ya tatu, kuangalia kama rafiki yake Hibaq ametokea kwenye baraza ya nyumba ya ng'ambo. Wakionana, basi! Wanaongea kwa kupiga kelele juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya muuza mayai, juu ya bodaboda, na nusu ya Kayole inajua habari zao.

Wiki hiyo walikuwa na jambo moja tu la kupigia kelele.

"Wari! Umeambia babako?"

"Bado hajafika! Na wewe?"

"Hooyo amekubali! Mama mwenyewe amesema niende, lakini nisilete nyoka nyumbani!"

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Asubuhi ile Mwalimu Adoyo, mlezi wa Chama cha Wanyamapori shuleni kwao, aliwatangazia wanachama kwamba mwisho wa muhula wataenda kuwinda. Wote waliguna. Kuwinda? Si kila mtu anajua Kenya hairuhusu kuwinda wanyama? Mwalimu Adoyo akaacha kelele ziishe, akatabasamu.

"Hatuendi kuwinda wanyama," alisema. "Tunaenda kuwinda mitego. Kuna ranchi kule mbele ya Athi River ambako watu wabaya hutega waya kwa siri. Askari wa ranchi ni wachache, vichaka ni vingi. Sisi tutawasaidia macho. Lakini gari ni dogo na siku ni ndefu. Ni jua, ni miiba, ni miguu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nitachukua wale walio tayari kimwili. Anzeni mazoezi nyumbani."

Warigia hakusikia kitu kingine siku hiyo. Hata hesabu zilipita tu kama upepo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mnyama wa porini aliyewahi kumwona kwa macho yake mawili ni korongo wa Gikomba, yule ndege mwenye kipara anayesimama juu ya taka kama askari jela. Twiga, swara, pundamilia, wote alikuwa amewaona kwa simu tu, na kila mara bando linaisha kabla twiga hajainua kichwa. Aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Mtu wa kwanza ambaye Warigia alimwomba ushauri alikuwa Patrobas, kijana wa orofa ya chini aliyemaliza shule mwaka uliopita. Patrobas hubeba mawe ya saruji kwenye jim ya mtaani na hujipiga picha kila baada ya kuyatua.

"Niaje, Wari. Ati unaenda kuwinda?"

"Kuwinda mitego, Pato. Nifanye mazoezi gani?"

Patrobas alikunja mkono, akauangalia kwa mapenzi. "Chuma. Hakuna kitu kingine. Sasa waya umefungwa kwa mti, utaung'oa na nini? Na kamusi? Ni mkono, msichana! Mkono!"

Hibaq naye alikuwa na maoni tofauti. "Mimi nimepata kamba ya kuruka," alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Halafu nitakuwa nikipanda na kushuka ngazi! Jioni twende tutembee mpaka Spine Road, mimi na wewe!"

"Kamba ni ya watoto wa chekechea!" Warigia akamjibu, na muuza mayai akacheka.

Baba yake Warigia anaitwa Ng'ang'a. Ni fundi wa kuchomelea kule Kariobangi, anatengeneza mageti na madirisha ya chuma, na hurudi jioni na vumbi la grinda, ile mashine ya kusugua chuma, kwenye nyusi. Warigia amepewa jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo Baba humwita "maitu", yaani mama yangu kwa Kikuyu. Hajawahi kumkatalia kitu akiwa na uwezo nacho. Aliposikia habari ya mitego aliweka kikombe cha chai chini.

"Maitu anaenda kulinda wanyama wa serikali? Jumamosi twende Gikomba. Tukutafutie kifaa cha mazoezi cha maana."

Wakaenda. Jameni, kuchagua kifaa cha mazoezi Gikomba si mchezo. Kulikuwa na mshipi wa umeme unaotikisa tumbo, na muuzaji aliapa kwamba ukiuvaa ukilala unaamka umekonda. Kulikuwa na kamba za mpira zilizovutwa mpaka zikasahau kurudi. Kulikuwa pia na baiskeli ya mazoezi. Warigia aliipanda, akakanyaga pedali, ikalia kama mbuzi.

"Hii imetoka ng'ambo, mzee wangu," alisema muuzaji.

"Na inaenda wapi?" Baba akauliza.

"Haiendi popote. Hiyo ndiyo kazi yake."

Baba alicheka mpaka akashika kiuno. "Mimi nimeendesha baiskeli mpaka Thika na mzigo wa kabeji nyuma, leo naletewa ya kukaa!"

Lakini macho ya Warigia yalikuwa yameshaganda kwenye vyuma viwili vifupi vya kubeba kwa mkono, vyeusi, vinavyong'aa. Baba akaviinua, akavigeuza, akachungulia chini kama anayeangalia mguu wa kuku sokoni.

"Hiki ni chuma tu," alisema. "Mimi nashinda ndani ya chuma. Hebu niambie, maitu, huko kazi yenyewe ni gani?"

"Kung'oa waya kwa miti, Baba."

"Kung'oa? Basi ni mikono. Wacha hivi. Nitakutengenezea vyako."

Hapo ndipo walipopotea wote wawili. Mwalimu Adoyo hakuwa ametamka neno kung'oa hata mara moja. Alisema macho, akasema miguu. Neno la kung'oa lilitoka kwa Patrobas, likaingia kwa Warigia, na sasa lilikuwa limefika kwenye mashine ya kuchomelea.

Jumatatu jioni Baba aliingia na gunia begani. Alilitua katikati ya chumba, akalifungua polepole kama mtu anayefunua keki. Alikuwa amechukua gia kuukuu za lori, yale magurudumu ya chuma yenye meno, akazichomelea kwenye vipande vya bomba. Meno yote alikuwa ameyasugua kwa grinda, moja moja, yasije yakamkata mwanawe. Kisha alikuwa amezipaka rangi ya buluu, na juu ya buluu, kwa herufi nyeupe, ameandika: WARIGIA.

Warigia aliruka, akamkumbatia shingoni, vumbi na yote.

"Inua nikuone," Baba akasema, simu tayari mkononi.

Aliinua. Mikono ilitetemeka, mgongo ukajikunja nyuma kama upinde, uso ukajaa jasho. Baba alichukua video na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la familia nzima. Kabla chai haijapoa majibu yalianza kuingia. Shangazi alituma vikatuni vya misuli ya mikono. Mjomba wa Nakuru aliandika, "Huyu ataolewa na simba." Bibi mwenyewe, kutoka Murang'a, alituma sauti ya kucheka peke yake.

Tangu siku hiyo, kila jioni Baba akiingia, hata kabla hajanawa: "Leta video ya leo, maitu. Watu wanangoja."

Siku za kwanza Warigia aliona raha. Alikuwa akivinyanyua vyuma juu ya kichwa, akivishusha, akivinyanyua tena, huku Patrobas akimhesabia kutoka ngazini kama kocha wa timu ya taifa. Hibaq akimwita watembee, alijibu, "Sina wakati, nina vyuma." Na Hibaq akaenda peke yake, hijabu ikipepea, kamba begani.

Kisha mgongo ukaanza kuongea.

Mwanzoni ulikuwa mvuto mdogo tu, chini kabisa, karibu na kiuno. Alidhani ni uchovu. Baadaye ukawa kitu chenye meno. Akiinama kuchukua ufagio, kinauma. Akikaa darasani, kinauma. Asubuhi akipiga mswaki ilibidi ashikilie ukuta kwa mkono mmoja. Akaacha kufua soksi akiwa ameinama, akaanza kuzifua amepiga magoti. Mama alimwuliza mara moja, "Wewe, mbona unatembea kama bibi?" Akasema amelala vibaya. Mama alikuwa amechoka, akamwamini.

Jioni moja aliamua: leo nasema. Alikaa kitini akirudia maneno kichwani. Baba, vyuma vinaniumiza. Baba, vyuma vinaniumiza. Mlango ukafunguka. Baba aliingia akitabasamu mpaka kwenye nyusi zenye vumbi, na mkononi amebeba gia nyingine, kubwa kuliko zile.

"Nimekuongezea! Jamaa mmoja pale kazini amevunja gia ya trela, nikamwambia hii ni ya maitu. Wote pale Kariobangi wanakungojea urudi na waya."

Angesema nini? Baba alikuwa amekosa chakula cha mchana ili ayasugue meno ya gia. Jina lake lilikuwa limeandikwa pale kwa mkono wake. Na akisema anaumwa, Mwalimu atasikia, na nafasi itakuwa imekwenda. Kila mlango aliougusa ulikuwa umefungwa.

"Asante, Baba," alisema, na akainama kuipokea.

Siku moja kabla ya safari, Mwalimu Adoyo aliwakusanya wale aliowachagua. Warigia alikuwa miongoni mwao, Hibaq pia. Mwalimu aliwaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Kuna mtu anaumwa mahali popote? Goti, kifua, mgongo? Siulizi ili nimfukuze mtu. Nauliza nijue."

Hibaq alimtazama Warigia kwa pembe ya jicho. Alikuwa amemwona akishuka ngazi kwa kushikilia chuma cha pembeni. Warigia alitazama viatu vyake.

"Niko sawa, Mwalimu," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemwuliza yeye.

Asubuhi yake, ranchini, Warigia alisahau maumivu kwa muda. Mbingu ilikuwa kubwa kupita kiasi! Hakuna ghorofa, hakuna waya za stima, ni nyasi tu na migunga, na mbali kabisa twiga wawili, wa kweli, wakitembea kana kwamba hawana haraka ya mwaka huu wala ujao. Hibaq alimfinya mkono. Hakuna aliyepiga picha. Walisimama tu midomo wazi.

Askari wa ranchi aliyewapokea aliitwa Ndete, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Aliwaonyesha kitanzi cha waya alichokitoa mfukoni.

"Hiki kinafungwa kwenye kichaka, chini, kimo cha shingo ya digidigi. Mnyama anapita, kichwa kinaingia. Akivuta, kinakaza. Akizidi kuvuta, kinazidi kukaza. Sasa, tutatembea kwa mstari mmoja mpana. Kila mtu ana upande wake wa kuangalia. Ukitembea wima hutaona kitu. Kila kichaka unainama, unachungulia chini, unaendelea. Ukiona waya, piga kelele. Ukichoka, inua mkono, mstari wote utasimama. Hakuna aibu. Kibaya ni kupita kichaka bila kukiangalia, kwa sababu nyuma yako hakuna mtu mwingine."

Warigia aligusa kiuno. Kuinama. Kazi yote ilikuwa kuinama.

"Afande," aliuliza kwa sauti ndogo, "na kung'oa?"

"Kung'oa nini?"

"Waya. Kwa mti."

"Aa, hiyo nakata mimi na hii," Ndete akasema, akaonyesha koleo kiunoni. Mtoto mmoja akacheka. Warigia naye akajaribu kucheka.

Mstari ulianza. Kichaka cha kwanza aliinama. Cha pili aliinama. Kichaka baada ya kichaka, jua likipanda, na kile kitu chenye meno kiunoni kikiamka, kikinyoosha miguu, kikianza kutafuna. Upande wa kushoto Hibaq alikuwa akienda vizuri tu, chini, juu, chini, juu, kama anayeruka kamba. Mtu mmoja akapiga kelele, "Waya!" Mstari ukasimama, Ndete akaja akakata, wote wakashangilia. Warigia alishangilia akiwa ameshika mapaja kwa mikono miwili.

Baadaye akaanza kuinama nusu. Kisha kichwa tu. Kisha akafika kwenye kichaka kipana chenye miiba, akakiangalia kutoka juu, akajiambia hakina kitu, akapita.

Alikuwa hajaenda mbali aliposikia mlio nyuma yake. Mlio mdogo, mwembamba, kama filimbi iliyozibwa. Akageuka haraka.

Alikosea kugeuka haraka. Mgongo ulikaza ghafla, wote mara moja, pumzi ikakatika, na magoti yakagonga udongo. Alijaribu kusimama. Miguu ilikuwa pale, lakini ni kama imekatwa simu. Alijaribu kuinua mkono kama walivyoambiwa. Mkono ulifika begani, maumivu yakaurudisha chini.

Na pale chini, kwenye kimo kile ambacho hakutaka kuinama akifikie, akamwona. Digidigi. Mdogo kama mbwa mchanga, macho makubwa meusi, miguu kama vijiti. Waya ulikuwa shingoni mwake. Alikuwa amevuta mpaka manyoya yamekatika, na sasa alikuwa amesimama akitetemeka mwili mzima, akimtazama Warigia.

Mstari ulikuwa ukiendelea kwenda. Migongo ya wenzake ilikuwa inapungua kati ya miti.

Warigia alijikokota kwa viwiko. Aliposogea tu, digidigi akaruka nyuma na waya ukakaza. Akaganda. Digidigi naye akaganda, ulimi ukianza kuonekana. Afanye nini? Akimkaribia, anamnyonga. Akipiga kelele, mnyama atashtuka ajinyonge. Akinyamaza, mstari utapotea, na digidigi atakufa polepole mbele yake. Hata angemfikia, hakuwa na koleo. Ile mikono aliyoifanyia mazoezi muhula mzima, mikono iliyotumwa mpaka Nakuru na Murang'a, haikuwa na kazi yoyote hapa. Na akiita, wote watajua. Watajua alikuwa anaumwa. Watajua alipita.

Machozi yalimshuka bila sauti. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu cha kufanya.

"Simameni!" alipiga kelele kwa sauti ile ya dirishani Kayole. "Hibaq! Simameni! Nimeumia! Kuna mnyama!"

Digidigi aliruka, akaanguka ubavuni, akapiga teke hewani. Warigia akafumba macho.

Alisikia miguu ikikimbia. Alisikia Ndete akisema, "Wote rudini nyuma, kimya." Alipofumbua macho, Ndete alikuwa amevua koti lake na kumfunika digidigi kichwa, na mnyama alipopoteza mwanga alitulia. Koleo likaingia kati ya waya na shingo. Tik. Ndete akaondoa koti, akarudi nyuma.

Digidigi hakuinuka.

Walingoja. Hibaq alikuwa amepiga magoti kando ya Warigia, amemshika mkono, akisema kitu kwa Kisomali chini ya pumzi, dua. Ubavu wa digidigi ulipanda, ukashuka. Ukapanda. Kisha kikwato kimoja kikasukuma udongo, akasimama akiyumba kama mlevi, akajikohoza, na akaingia vichakani bila kumshukuru mtu.

Watoto walianza kupiga makofi, lakini Mwalimu Adoyo hakupiga. Alikuwa akimtazama Warigia aliyeshindwa kuinuka.

"Ni mgongo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Kitambo." Akameza mate. "Na hicho kichaka kilikuwa changu. Nilikipita. Sikuinama."

Hakuna aliyecheka sasa. Ndete na Mwalimu walimbeba mpaka kwenye gari, na huko alikaa mchana wote, amelala kwenye kiti cha nyuma karibu na dereva aliyesinzia, akisikiliza sauti za mbali zikiita, "Waya!" Kila mara ikisikika alihesabu ni nani aliyeita. Hibaq aliita mara nyingi.

Jua lilipokuwa kali, Mwalimu Adoyo alikuja akampa maji, akakaa kwenye ngazi ya gari.

"Nilikuuliza jana," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unajua Afande alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kukaa juu ya ile miamba na darubini? Kukaa tu, aangalie mstari usipinde. Nilikuwa na nafasi ya mtu anayeumwa mgongo, Warigia. Ila hakuna aliyeniambia anaumwa."

Hilo liliuma kuliko mgongo.

Jioni Baba alikuwa anangoja kwenye geti la shule, nguo safi, simu mkononi tayari kupiga picha ya shujaa. Alipomwona akishushwa kwa kushikwa huku na huku, simu ilirudi mfukoni. Alimbeba mgongoni ngazi zote mpaka orofa ya tatu. Patrobas aliyekuwa ngazini alisogea ukutani, akawa mdogo ghafla.

Ndani, mbele ya Mama, Warigia alisema yote. Alipomaliza, Baba alikuwa akiviangalia vyuma vya buluu pale pembeni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeandika jina langu, Baba."

Baba alikaa chini. Akafuta nyusi zisizo na vumbi.

Asubuhi walienda zahanati. Daktari alimbonyeza hapa na pale, akamwinamisha kidogo, akauliza alikuwa akibeba nini. Aliposikia habari za gia za lori alimtazama Baba, na Baba akatazama dirisha. Misuli ya mgongo imevutwa, daktari alisema, mfupa uko salama. Chuma kikae kando. Maji ya moto kwa kitambaa, kupumzika, kisha kutembea kidogo kidogo kila siku. Misuli itarudi, lakini haitaki haraka.

Wakitoka, Baba alisimama kwenye kivuli cha kibanda cha viazi, akamgeukia.

"Maitu, nisikilize. Mimi nikitengeneza geti, mwenye nyumba akirudi akaniambia halifungi, sikasiriki. Nachukua grinda, naenda, narekebisha. Ndiyo kazi. Anayeniumiza moyo ni yule anayeona geti halifungi, anasema asante fundi, anaenda kulala, mwizi anaingia. Halafu nasikia habari kwa jirani." Akamshika bega taratibu. "Mimi nilikosa pia. Nilikuundia kifaa kabla sijauliza Mwalimu kazi yenyewe ni ipi. Nilipenda video kuliko nilivyokuangalia wewe. Lakini kosa la chuma naweza kulirekebisha kwa siku moja. Kosa la kunyamaza silioni, kwa hiyo siwezi kulirekebisha. Mwili ukiuma, sema. Hata kama aliyekuumiza ni mtu anayekupenda. Hasa kama ni huyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba."

Mwalimu Adoyo hakumfuta kwenye chama. Alimwambia kutakuwa na uwindaji mwingine muhula ujao, na kwamba safari hii hatauliza mdomo wake peke yake, atataka pia neno la daktari. Warigia alikubali.

Mgongo ulipopoa, mazoezi yakaanza upya. Hibaq alimfundisha kuinama kwa magoti, mgongo ukiwa umenyooka, na akamkaripia kila alipodanganya. Jioni, Baba akitoka kazini, wakawa wanatembea pamoja kandokando ya Spine Road, yeye na Warigia na Hibaq, polepole, wakipita wauza mahindi na watu wanaokimbilia nyumbani. Hakuna aliyechukua video.

Jioni moja Warigia aliona Baba amebaki nyuma. Akapunguza mwendo. Baba naye akapunguza zaidi. Warigia akageuka, safari hii taratibu, akamwona ameshika goti, akijifanya anafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba.

"Baba, unaumwa?"

"Aa, wapi. Niko sawa."

Warigia na Hibaq walisimama, mikono kiunoni, wakamtazama. Baba aliangalia huku, akaangalia kule, akaona hana pa kutokea.

"Ni goti," alisema. "Tangu juzi."

"Haya," Warigia akasema, akampa bega lake aegemee. "Tukae hapo kidogo. Kesho zahanati."